Florence Sabin: Daktari aliyekesha akitazama mshipa wa damu ukizaliwa

UKISIKIA jina Sabin, huenda ukakumbuka matone ya polio uliyodondoshewa mdomoni ukiwa mtoto. Huyo alikuwa Albert Sabin, na hadithi yake ni ya siku nyingine.

Sabin wetu wa leo ni Florence, daktari na mtafiti wa Marekani aliyezaliwa 1871 na kufariki 1953. Sanamu yake ya shaba iko ndani ya jengo la bunge la Marekani jijini Washington, ambako kila jimbo lina nafasi ya sanamu mbili pekee. Jimbo la Colorado lilimchagua yeye kuwa mmoja wa wawili wake.

Lakini tusikimbilie sanamu. Kazi iliyomweka Florence kwenye vitabu vya sayansi ilitokana na swali ambalo ungedhani limeulizwa na mtoto wa shule ya msingi: mshipa wa damu hupataje tundu lake?

Hebu geuza mkono wako uangalie ile mishipa ya kibuluu iliyo chini ya ngozi. Kila mmoja ni bomba, na ndani yake kuna uwazi ambamo damu hupita. Fundi wa mabomba akija kwenu huleta bomba ambalo tayari lina tundu, kazi yake ni kuunganisha tu. Mwili hauna fundi. Unaanza na seli, vitu vidogo sana vilivyojaa ndani na visivyo na tundu lolote. Sasa, seli hizo hujipangaje hadi zikawa bomba? Tundu huja kabla ya damu, au damu ndiyo hulisukuma lifunguke? Na nani huziambia seli wakati wa kuanza?

Swali hili si la kujifurahisha. Tundu likikosa kufunguka, damu haipiti, na kiinitete hufa kabla hakijawa mtoto.

Mtoto wa mji wa migodi

Florence Rena Sabin alizaliwa Novemba 9, 1871 katika mji wa Central City, Colorado, milimani kabisa, mahali watu walipokimbilia kutafuta dhahabu. Babake, George, alikuwa mhandisi wa migodi ambaye ujanani alitamani kuwa daktari lakini akaiacha ndoto hiyo. Mamake, Serena, alikuwa mwalimu.

Florence alipotimiza miaka saba tu, mamake alifariki baada ya kujifungua. Homa ya uzazi ndiyo iliyomuua. Siku hizo ugonjwa huo uliua akina mama wengi, na mara nyingi ulienezwa na mikono michafu ya waliokuja kuwasaidia kujifungua.

Baba wa migodini hangeweza kulea wasichana wawili peke yake. Florence na dadake mkubwa, Mary, wakapelekwa shule ya bweni mjini Denver, kisha kwa mjomba wao Chicago, halafu kwa babu na nyanya katika jimbo la Vermont. Yaani utoto wake wote ulikuwa wa kufungasha mizigo.

Kilichompenda moyoni wakati huo kilikuwa piano. Alijipa moyo kwamba siku moja angekuwa mpigaji piano wa kulipwa. Halafu mwanafunzi mwenzake akamwambia wazi kwamba upigaji wake ulikuwa wa kawaida tu. Maneno hayo yalimuuma, lakini alikubali kuyapima, akaona yana ukweli. Akageukia sayansi.

Alisoma zuolojia katika chuo cha wanawake cha Smith na kuhitimu 1893. Shida ikawa karo. Udaktari haukuwa masomo ya bei rahisi, na Florence hakuwa na pesa. Akarudi darasani, safari hii kama mwalimu, akafundisha kwa miaka mitatu, huku akiweka akiba kidogo kidogo. Ndiyo maana alianza masomo ya udaktari akielekea umri wa miaka 25.

Wanawake waliofungua mlango

Shule aliyojiunga nayo 1896 ilikuwa ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Na namna mlango wa shule hiyo ulivyofunguliwa kwa wanawake ni kisa cha kupendeza.

Chuo kikuu hicho kilitaka kuanzisha shule ya udaktari lakini kikaishiwa na pesa. Kundi la wanawake wa Baltimore, wakiongozwa na tajiri Mary Garrett, likajitolea kuchanga. Ila walikuja na sharti: wanawake wakubaliwe kwa masharti yale yale wanayowekewa wanaume. Wakubwa wa chuo hawakuwa na namna. Shule ikafunguliwa 1893, mwaka ule ule Florence alipohitimu Smith.

Huko alikutana na Franklin Mall, profesa wa anatomia ambaye hakupenda kumlisha mwanafunzi kwa kijiko. Mall alikuwa na tabia ya kumpa mtu tatizo, kisha anamwachia alipambane nalo. Florence alipewa ubongo wa mtoto mchanga. Akaunda mfano wake wa pande tatu, sehemu ya chini na ya kati, njia baada ya njia, na 1901 kazi hiyo ikachapishwa kama kitabu. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ahitimu.

Mwaka wa 1902 Johns Hopkins ikamwajiri kufundisha anatomia. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhadhiri katika shule hiyo ya udaktari.

Vita vya mishipa ya limfu

Swali kubwa la kwanza alilolivamia lilihusu mishipa ya limfu. Hii ni mishipa inayokusanya maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuyarudisha. Ikikwama, mguu huvimba kama unavyoona kwa wagonjwa wa matende.

Wataalamu wengi waliamini kwamba mishipa hiyo huanza kama mianya midogo kati ya seli za mwili, kisha mianya hiyo huungana na kutafuta njia hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu. Florence alichukua viinitete vya nguruwe vya urefu wa sentimita mbili hivi, akavidunga wino kwa sindano nyembamba sana, na kufuatilia wino ulikoelekea.

Wino ulimwonyesha kinyume. Mishipa ya limfu ilichipuka kutoka kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kama vile tawi linavyochipuka kwenye shina, kisha ikaenea kuelekea nje. Na ncha zake zilikuwa zimefungwa, si mianya iliyo wazi.

Kazi hiyo ilimpa zawadi ya dola 1,000 mwaka wa 1903, pesa nyingi mno siku hizo. Pia ilimpa wapinzani. Kwa miaka mingi wanaume wenye majina makubwa walimpinga kwenye majarida, wakitumia vipande vyembamba walivyokata kutoka kwa viinitete vilivyokufa.

Hapo ndipo Florence alipoona kiini cha ubishi wote. Kipande kilichokatwa ni kama picha ya simu. Kinakuonyesha hali ilivyokuwa kwa sekunde moja, basi. Ukiwa na picha mbili, moja ya seli zilizojaa na nyingine ya bomba lenye tundu, huwezi kujua kwa hakika nini kilitokea katikati. Kila mtu atajaza pengo hilo kwa anavyofikiria yeye. Alichohitaji ni video, na enzi hizo video ya kitu kama hicho ilikuwa jicho la mtu aliyekubali kukaa na kutazama.

Usiku wa yai la kuku

Akachagua yai la kuku. Yai ni rahisi kupata, na kiinitete hakijajificha tumboni mwa mama. Katika siku ya pili ya kuatamiwa, kifaranga bado ni kijisahani chembamba juu ya kiini cha yai, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Florence alikitoa kijisahani hicho, akakiweka kwenye tone la maji ya chumvi lililoning'inia chini ya kioo chembamba, kisha akaweka kila kitu ndani ya kisanduku chenye joto kama la kuku anayeatamia. Hadubini ikawekwa juu yake. Kiinitete kiliendelea kuishi na kukua huku yeye akikitazama.

Kazi yenyewe haikuwa ya starehe. Seli hazina saa ya chai. Ukiinuka kwenda kula, huenda ukarudi ukakuta jambo uliloliwinda wiki nzima limeshapita. Kwa hiyo alikaa.

Aliona kwanza seli fulani zikibadilika na kutofautiana na majirani zake. Seli hizi, ziitwazo anjioblasti, ndizo mbegu za mishipa ya damu. Ziligawanyika, zikawa vifungu vidogo vilivyoshikamana. Vifungu hivyo vikatoa vichipukizi, vichipukizi vikagusana na vya jirani, na polepole wavu ukajisuka.

Wakati huu wote hakukuwa na tundu. Wavu ulikuwa umejaa seli tupu, kama kamba badala ya bomba. Kisha katikati ya vifungu pakaanza kuonekana majimaji. Majimaji yakaongezeka, sehemu zikaungana, na seli za pembeni zikabaki zikiwa ukuta. Uwazi ulikuwa umezaliwa. Kutoka kwenye ukuta huo huo aliona seli nyingine zikichomoza kuelekea ndani na kuanza kuwa nyekundu. Hizo zilikuwa chembe za damu.

Usiku mmoja alikesha hadi akaona hatua ya mwisho: moyo, ambao ulikuwa kibomba tu, ukipiga kwa mara ya kwanza, na damu ikianza kusogea ndani ya mabomba yaliyojitengeneza saa chache zilizopita. Watu waliomfahamu walisimulia kwamba katika kazi zake zote, hakuna kilichomsisimua kuliko usiku huo.

Alichapisha sehemu ya matokeo hayo 1917, na maelezo marefu zaidi 1920. Ukifikiria swali letu la mwanzo, alikuwa amejibu nusu yake. Kamba huja kwanza, tundu hufuata, na yote mawili hutokea kabla moyo haujaanza kusukuma chochote. Kwa hiyo si damu inayochimba njia yake kama mto unavyochimba bonde. Seli zenyewe ndizo huifungua njia ya kwanza.

Kiti kilichopewa mwanafunzi wake

Mwaka huo huo wa 1917, Profesa Mall alifariki. Idara ya anatomia ikabaki bila mkuu. Florence alikuwa amefundisha hapo miaka 15, alikuwa na jina kimataifa, na wengi walidhani kiti ni chake.

Akapewa Lewis Weed, mwanamume aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Chuo kilimpandisha Florence cheo na kumfanya profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika shule hiyo. Lakini kila mtu alijua tofauti ya cheo na kiti. Wapo waliokasirika kwa niaba yake na kumtarajia afunge virago. Alipoulizwa kwa nini habanduki, jibu lake lilikuwa fupi: alikuwa na utafiti ambao haujakamilika.

Unaweza kusema alikubali kuonewa. Wengine wakati huo walisema hivyo. Lakini angalia tarehe. Kazi kubwa ya kiinitete cha kuku, ile ya 1920, ilikamilika baada ya kunyimwa kiti. Angeondoka kwa hasira, pengine usiku ule wa moyo kupiga haungekuwapo kwenye kumbukumbu zake.

Heshima hazikukoma kuja. Mwaka wa 1924 alichaguliwa rais wa chama cha wataalamu wa anatomia Marekani, na 1925 akaingia katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi. Kote kuwili alikuwa mwanamke wa kwanza.

Alichokiona na asichoweza kukiona

Tukumbuke kwamba Florence alikuwa na hadubini, joto na subira. Hakuwa na njia ya kusikia seli zikiongea. Na kumbe seli huongea sana.

Lugha yake ni kemikali. Sehemu ya mwili ikikosa oksijeni ya kutosha, seli zake hutoa protini inayojulikana kwa herufi VEGF. Protini hiyo husambaa kama harufu ya chapati inavyosambaa kwenye ploti: aliye karibu anaipata kali, aliye mbali anaipata hafifu. Seli za mishipa zina vipokezi vya VEGF kwenye ngozi yake, na zikiipata, huamka na kuelekea inakotoka. Watafiti walipowanyima viinitete vya panya nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF, mwaka wa 1996, viinitete hivyo vilikufa vikiwa tumboni. Mishipa haikuweza kujijenga ipasavyo.

Lakini seli zote zikikimbia mbele kwa pamoja, hapatakuwa na bomba, patakuwa na vurugu. Kwa hivyo kuna ujumbe wa pili. Seli iliyopata VEGF nyingi zaidi hushika uongozi, halafu inaigusa jirani yake na kuiamuru ibaki nyuma. Ujumbe huo hupitia protini iitwayo Notch. Moja inaongoza njia, zinazofuata zinajenga bomba. Ni kama foleni ya kupanda matatu ikiwa na utaratibu, jambo ambalo sisi binadamu hutushinda kila jioni.

Na tundu je? Hapa ndipo Florence alikuwa sahihi kwa jambo moja na kukosea kwa jingine. Alifikiri uwazi hutokea kwa sababu sehemu ya katikati ya kifungu cha seli huyeyuka na kuwa majimaji. Ilionekana hivyo kwa hadubini ya wakati wake. Watafiti wa karne hii, wakiwa na vifaa bora, wamegundua kwamba seli hazihitaji kuyeyuka.

Katika mshipa mkuu wa kiinitete cha panya, kwa mfano, seli mbili huanza zikiwa zimebanana kama viganja viwili. Kwenye nyuso zinazogusana huletwa protini zilizofunikwa na sukari zenye chaji hasi ya umeme. Ukijaribu kubananisha sumaku mbili kwa ncha zinazofanana, unajua kinachotokea: zinasukumana. Vivyo hivyo nyuso hizo husukumana, na ufa mwembamba hufunguka kati yake. Kisha VEGF huzipa seli amri nyingine, ya kuvuta misuli midogo iliyo ndani yake na kubadilisha umbo, hivyo ufa hupanuka ukawa tundu. Pembeni, mahali seli zinaposhikana, gundi hubaki ili bomba lisivuje.

Kuna mishipa mingine midogo ambayo seli zake hutengeneza vipovu ndani, vipovu vikaungana hadi pakawa na njia. Na mishipa inayochipuka baadaye, moyo ukishaanza kazi, husaidiwa na msukumo wa damu yenyewe. Kwa hiyo jibu ni zaidi ya moja, kutegemea mshipa na wakati.

Kuhusu mambo mengine, muda umemtetea Florence. Mwaka wa 2010 watafiti walipiga video viinitete vya samaki wadogo wanaopitisha mwanga, wakaona seli zikichomoka kutoka kwenye ukuta wa mshipa na kuwa mbegu za damu. Ni jambo lililofanana na aliloeleza yeye miaka 90 kabla. Na kuhusu limfu, majaribio ya kufuatilia seli za panya yalionyesha 2007 kwamba mishipa hiyo hutoka hasa kwenye vena, kama wino wake ulivyosema. Siku hizi inajulikana pia kwamba baadhi ya seli zake zina asili tofauti, lakini shina ni lile lile.

Kwa nini mgonjwa wa leo ajali haya? Kwa sababu uvimbe wa saratani nao hutoa VEGF ili uletewe mishipa yake ya kuulisha. Dawa ya kwanza iliyotengenezwa kuzuia VEGF iliidhinishwa Marekani 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana. Dawa za aina hiyo sasa hudungwa ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa dhaifu inayovuja inamnyima kuona. Anayetaka kuizuia mishipa isijengeke lazima kwanza ajue inavyojengeka.

Bibi mkimya aliyewashangaza wanasiasa

Mwaka wa 1925 Florence alihamia Taasisi ya Rockefeller, New York, akiwa mwanamke wa kwanza kupewa uanachama kamili hapo. Aliongoza kikundi kilichochunguza jinsi seli nyeupe za damu zinavyopambana na viini vya kifua kikuu. Alistaafu 1938 na kurudi Denver kuishi na dadake Mary.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini mwishoni mwa 1944, gavana wa Colorado, John Vivian, alikuwa akiunda kamati za kupanga mambo ya baada ya vita. Ya afya alimpa Florence, aliyekuwa na miaka 73. Inasimuliwa kwamba wanasiasa walimwona kama bibi mkimya mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, asiyeweza kuwasumbua.

Walikosea vibaya. Florence aliifanyia Colorado alichokuwa amezoea kukifanyia kiinitete. Hakuamini walichosimuliwa watu, akaenda kuangalia mwenyewe. Jimbo hilo lilijigamba kwa hewa safi ya milimani, kiasi kwamba wagonjwa wa kifua kikuu walitumwa huko kupona. Yeye akazunguka kaunti baada ya kaunti, hata wakati wa theluji, akakuta maziwa machafu, majitaka yasiyosafishwa, panya, na idara ya afya iliyoendeshwa kisiasa. Watu walikuwa wakifa kwa magonjwa yanayozuilika.

Akaandaa miswada. Wabunge walipoikalia, akaenda kwa wapigakura wenyewe na kuwaeleza. Baada ya uchaguzi wa 1946 gavana mpya, Lee Knous, akaiunga mkono, na mingi ikawa sheria 1947. Hadi leo zinaitwa sheria za Sabin.

Jiji la Denver likamkabidhi usimamizi wa afya. Akaanzisha upimaji wa vifua kwa eksirei bila malipo, na katika miaka miwili visa vya kifua kikuu jijini vikapungua kwa karibu nusu. Mshahara wake aliutoa kwa ajili ya utafiti wa kitabibu. Alikuwa karibu miaka 80 alipoondoka ofisini, 1951, mwaka aliopewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za tiba Marekani.

Oktoba 3, 1953, Florence alikuwa nyumbani Denver akitazama fainali za beseboli kwenye televisheni, mchezo alioupenda. Inasemekana aliinuka kujinyoosha wakati wa mapumziko mafupi, na moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 81. Sanamu yake iliwekwa bungeni Washington 1959.

Hakupata kile kiti cha Baltimore. Hakuwahi kujua kuhusu VEGF wala Notch, na maelezo yake ya namna tundu linavyofunguka yalihitaji kurekebishwa na waliokuja baadaye. Ila waliomrekebisha walifanya hivyo kwa njia ile ile aliyoishikilia yeye wakati wengine wakibishana juu ya vipande vilivyokufa. Walichukua kiinitete kilicho hai, wakakiweka chini ya hadubini, wakakaa chini kutazama.